Nta au silanti: nichague ipi kwa gari langu hapa Goma?

Mgeni wa Himbi
Ndugu zangu, heshima kwenu. Shemeji yangu atarudi kutoka Kigali Jumamosi, na amekubali kuniletea kopo moja tu la dawa ya kulinda rangi ya gari. Nimekwama kati ya nta ya kanauba na silanti ya polima, kwa kuwa bei zake zinakaribiana. Achukue ipi?

Fundi wa Katindo
Papa, umekuja kama mgonjwa anayeomba dawa bila kusema panapomuuma. Gari lina rangi gani na umri gani? Linalala ndani au nje? Nani huliosha, na kwa maji gani? Lioshe kwanza, kisha uvae mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole taratibu juu ya kapo, yaani kifuniko cha injini. Ukihisi chembechembe, rangi inahitaji kusuguliwa kwa udongo wake maalumu kabla ya kupakwa chochote.

Mama Wawili, Keshero
Bila hata kusubiri majibu hayo, mimi nasema silanti. Kanauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, na ingawa ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80, ile ya kopo imelainishwa kwa mafuta. Kwa gari linalopigwa jua na mvua na kuoshwa kila wiki, haimalizi miezi miwili. Silanti nzuri hufika minne, hata sita.

Mwana wa Lushi
Mama, kwa heshima zote, unahesabu miezi tu na kusahau uzuri. Gari langu ni jeusi, na hakuna silanti iliyowahi kulipatia mng'ao wenye kina kama ule wa nta. Tena huku Lubumbashi hatuoni mvua karibu kiangazi chote, adui wetu ni vumbi jekundu. Mimi hupaka silanti, halafu nta juu yake.

Fundi wa Katindo
Mpangilio huo ni sahihi, na usigeuzwe. Silanti hutaka kushika vernisi iliyo tupu, yaani lile tabaka la juu linaloona ndani linalofunika rangi. Ukiipaka juu ya nta haitashika kitu.

Mzee wa Nyawera
Watoto wangu, sisi hapa Bukavu tulikuwa tunapangusa gari kwa kitambaa chenye mazuti (dizeli) kidogo, na liling'aa kuliko haya yote.

Fundi wa Katindo
Mzee, shikamoo. Liling'aa kwa sababu lilikuwa na mafuta juu, nayo mafuta hayo hukusanya vumbi kabla hujafika Kadutu. Mazuti pia huharibu mipira ya milango, na huondoa nta yoyote iliyokuwapo.

Mama Wawili, Keshero
Niruhusuni nieleze yaliyonipata, labda Mgeni atajifunza bila kulipa. Baada ya volkano yetu ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, tulikimbilia Sake na kuliacha gari uani. Tuliporudi lilikuwa limefunikwa na vumbi jeusi, na kijana wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, akalipangusa kwa kitambaa kikavu. Majivu ya volkano yana chembe za kioo. Alipomaliza, kapo lilikuwa na mikwaruzo ya duara kana kwamba limesuguliwa kwa waya wa sufuria. Nikalipeleka penye kuoshea magari karibu na ziwa. Waliliosha kwa maji ya Kivu, saa saba mchana, wakaliacha likauke juani. Maji ya ziwa letu yana chumvi nyingi za madini, kwa hiyo madoa meupe yakabaki kila tone lilipokaukia, nao wakapaka nta juu ya madoa hayo hayo. Gereji moja ikaniahidi kuyaondoa kwa mashine ya kung'arisha. Vernisi ya gari huwa na unene wa mikroni 40 au 50 hivi, pungufu ya unywele, na yule bwana akaikandamiza mashine kwenye ukingo wa mlango hadi rangi ya chini ikaonekana. Nililipia rangi mpya ya milango miwili. Tangu hapo hakuna anayegusa gari langu kabla halijamwagiwa maji mengi.

Mwana wa Lushi
Pole sana, Mama. Ila hapo kosa si la nta. Nta nzuri huyafanya maji yawe matone ya mviringo, yakateleza yenyewe.

Mama Wawili, Keshero
Yanateleza ukiwa unaendesha. Gari likiwa limesimama juani, kila tone hukauka mahali pake na kuacha chumvi yake. Afadhali maji yatiririke kama shuka.

Mzee wa Nyawera
Na hayo maji mengi ya kumwagia mnayapata wapi? Goma watu wananunua maji kwa bidoni, ninyi mnayamwaga juu ya bati.

Fundi wa Katindo
Hapo Mzee ana haki. Mimi hukinga maji ya paa, lakini huacha mvua inyeshe kwanza robo saa, maana moshi wa volkano huyafanya ya mwanzo kuwa makali. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, hudhoofisha kinga. Mgeni, mbona umenyamaza?

Mgeni wa Himbi
Nisameheni, nilikuwa kazini. Gari ni Toyota nyeupe ya mwaka 2004, inalala nje, na huoshwa kwa maji ya ziwa. Vernisi ya paa imeanza kubanduka vipande vipande, ndiyo sababu natafuta dawa.

Fundi wa Katindo
Papa! Hilo ndilo ulipaswa kuandika kwanza. Vernisi iliyobanduka hairudishwi na nta, wala silanti, wala hata dawa ngumu ya seramiki. Paa linahitaji kupigwa msasa na kupakwa upya.

Mama Wawili, Keshero
Paa tu, si gari zima. Milango na kapo bado vinaweza kulindwa, na kwa gari jeupe silanti inatosha.

Mgeni wa Himbi
Shemeji amepiga simu sasa hivi. Anasema silanti ya kopo imekwisha, imebaki ya kupuliza. Aichukue?

Fundi wa Katindo
Mwambie apige picha ya maandishi ya nyuma ya chupa kabla hajalipa.