Wananchi wa Yanga, najifariji au kweli kuna la kujivunia?

Jamani ile fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 bado inaniuma, jumla 2-2 na USM Alger halafu kombe linaondoka kwa goli la ugenini. Ila nikitulia nakumbuka kwao Algiers tuliwapiga 1-0, penati ya Djuma Shaban mapema tu. Najifariji?

— Hujifariji kaka, kushinda kule si mchezo. Na straika wetu Mayele kamaliza mfungaji bora wa mashindano, goli 7, unataka nini tena

— Kombe ndo nataka 😂 tatizo mechi ya kwanza nyumbani, uwanja wa Mkapa, Mayele kasawazisha tukaanza kurusha jezi, kukaa vizuri USM Alger wakatupiga chuma cha pili hicho, chipsi zangu zikapoa hivihivi

— Mnyama hapa, shabiki wa Simba. Heshima yenu, sisi mwaka huo Wydad alitutoa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa matuta