Upinde mrefu wa ipe na hikori: utepe wa mgongoni uwe mnene kiasi gani?

Mtu wa Jiriwa

Wakuu, habari za jioni. Nipo Uingereza, nataka kutengeneza upinde mrefu wa Kiingereza, paundi 45 kwa mvuto wa inchi 28. Ninao ubao wa ipe, ule wanaotandikia baraza za nje: sm 190, upana mm 90, unene mm 28. Wa mgongoni ni utepe wa hikori (mbao ngumu ya Marekani) wa mm 35 kwa mm 4. Vifaa: randa, tupa ya mbao, jiriwa na klampu 12.

Utepe uwe mnene kiasi gani? Gundi gani inashika ipe, maana wanasema ina mafuta? Nigundishe ukiwa umenyooka, au ncha zielekee mbele kidogo? Na pinde za namna hii huharibikia wapi?

Fundi Randa

Mkuu, mm 4 ni nyingi. Shusha mpaka 3, na kuelekea nchani hata 2 inatosha.

Upinde ukivutwa, mgongo (upande unaotazama shabaha) unanyooshwa na tumbo (upande unaomtazama mpigaji) linabanwa. Hikori haikatiki kirahisi kwa kunyooshwa, na watu wakisikia hivyo wanaiweka nene wakidhani ndiyo usalama. Kumbe mgongo ukiwa mgumu kupita kiasi, kazi yote inaangukia tumbo, na tumbo ndilo linalosalimu amri: linapata mikunjo myembamba inayokatiza upana wa mbao, halafu upinde unabaki umepinda hata ukiwa umevuliwa upote (kamba ya upinde). Ipe ni ngumu na nzito, inavumilia. Tumbo lingekuwa la mwaloni ningekwambia upunguze na upana wa mgongo, ukiutazama upinde kwa nchani uone mgongo mwembamba kuliko tumbo.

Vipimo vya kuanzia (narudia, vya kuanzia): urefu wote sm 183, na sm 178 kati ya mkato wa upote wa juu na wa chini. Upana mm 30 katikati, ushuke kwa mstari mmoja mpaka mm 13 nchani. Unene pamoja na utepe mm 28 katikati na mm 15 nchani. Kama unataka kushindana huko huko Uingereza, unene usipungue 5/8 ya upana mahali popote, la sivyo hautahesabiwa kuwa upinde mrefu.

Kumbuka ugumu unafuata kipeo cha tatu cha unene (unene × unene × unene). Ukipunguza unene kwa asilimia 10, unapoteza ugumu kama asilimia 27. Ukipunguza upana kwa asilimia 10, unapoteza 10 tu. Kwa hiyo karibu na mwisho acha randa kabisa, tumia kikwangulio.

Utepe wenyewe uukague kabla ya yote. Fuata nyuzi kwa penseli toka ncha hadi ncha. Zikikimbilia ukingoni katikati ya mkono wa upinde (nusu ya juu au ya chini), utepe huo wekea kazi nyingine.

Gundi Kwanza

Niongezee kwenye gundi. Epoksi ya kukauka polepole ndiyo chaguo langu kwa ipe. Ile ya dakika tano achana nayo.

Randa nyuso zote mbili mpaka zikikutana usione mwanga kati yake. Kisha chukua kipande cha msumeno wa chuma, kisimamishe wima na ukivute kwa urefu wa mbao ili meno yaache mikwaruzo myembamba. Futa ipe kwa asetoni na kitambaa cheupe, ubadilishe kitambaa mpaka kisitoke rangi ya njano-kahawia. Gundisha siku hiyo hiyo, usilaze, maana mafuta yanarudi juu. Vaa barakoa pia, vumbi la ipe linawasha ngozi na koo.

Klampu 12 hazitoshi. Unahitaji moja kila sm 6, yaani karibu 30. Badala yake kata tyubu za baiskeli vipande vya upana wa sm 3, ufunge upinde wote kwenye kalibu (ubao wenye umbo unalotaka upinde ufuate), kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Klampu zako weka katikati na nchani tu. Kalibu iwe ya mbao nene iliyofunikwa nailoni, vinginevyo utagundisha na kalibu yenyewe. Usikaze kama unakamua nguo: epoksi ikitoka yote, kiungo kinabaki kikavu na kitafunguka.

Ncha zielekee mbele sm 4 kila upande. Sehemu ya mwelekeo huo itapotea ukianza kuuvuta, ni kawaida. Acha saa 24, na kama chumba ni baridi acha siku tatu.

Mtu wa Jiriwa

Asante sana. Nina gundi ya seremala, ile ya njano isiyoogopa maji. Haifai?

Gundi Kwanza

Inafaa kiungo kikiwa kimekutana sawasawa, maana haizibi pengo. Ile nyeupe ya kawaida ndiyo ya kukwepa: ikibebeshwa mzigo muda mrefu inateleza polepole, na zile sm 4 zinaisha. Epoksi nayo ina ubaya wake, hailipendi joto. Upinde wa rangi nyeusi usiuache ndani ya gari juani.

Kapi na Mizani

Kwenye kuukunja ndipo pinde nyingi zinapofia. Funga upote mrefu unaolegea kidogo, weka upinde kwenye kigingi ukutani, uvute kwa kamba inayopita kwenye kapi chini huku mizani ya ndoano ikiwa katikati. Usivuke paundi 45 hata siku moja, hata kama umefika inchi 12 tu. Mizani ikigonga 45, simama, ondoa mbao tumboni, vuta mara 30 mpaka nusu ya hapo, ndipo upime tena.

Mkono ukipinda sana mahali pamoja kama bawaba, paka chaki pale na usipaguse tena. Ondoa kwingine kote mpaka kwingine kufikie pale. Mistari ya gundi ya pembeni tazama kila mara: upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, mkono unajipinda kama parafujo. Mgongo usiurande, ila viringisha kingo zake kama mm 2. Kibanzi kikinyanyuka kwenye utepe, acha kuvuta hapo hapo.

Mikono ikipinda sawa kwa upote mrefu, funga upote wa kweli, ukae sm 15 kutoka kwenye mshikio. Mkono wa chini uwe mgumu kidogo kuliko wa juu. Upote wa dakroni nyuzi 12 unatosha, na mkato wake usikatize utepe, ukae pembeni tu.

Mwanzi wa Mau

Kwa tulio huku nyumbani, mwanzi unachukua nafasi ya hikori vizuri sana. Pasua bua pana lililokauka, ndani urande bapa mpaka katikati ya utepe ibaki mm 3 hadi 4, kingo karibu ziishe. Ganda la nje usiliguse kwa randa. Nguvu ya mwanzi iko pale, kwa hiyo vifundo vipige msasa kidogo tu. Wahadzabe hawahitaji haya yote kwa sababu upinde wao ni mti mzima, nyuzi za mgongoni hazijakatwa na msumeno.

Ndugu zetu wa Mombasa, Tanga na Dar wana shida nyingine: unyevu. Mbao iliyokaa wazi pwani hutulia kwenye asilimia 14 au zaidi, na hikori ndiyo inayolegea zaidi ikifika huko. Lenga 8 hadi 10. Tengeneza sanduku la plaiwudi lenye balbu ya zamani ya wati 60 na matundu juu na chini, weka mbao humo na uzipime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, gundisha.