Gereza likiwa chini ya kampuni, huduma ndiyo inashuka hivi?

Mama Mdogo wa Tanga
Wenzangu, mtoto wa dada yangu amefungwa huku Uingereza, kwenye gereza linaloendeshwa na kampuni. Jumamosi nilipanda treni mbili kwenda kumwona. Tulipangiwa saa moja na nusu, tukapata dakika ishirini na tano, maana hapakuwa na askari wa kuwatoa wafungwa vyumbani. Aliyemleta ni kijana mdogo, buti bado zinang'aa kama zimetoka dukani, na mwanangu akaninong'oneza kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha njia ya chumba cha wageni. Mfungwa anamwongoza askari! Viganja vya mwanangu vimejaa upele hata ngumi haikunjiki. Fomu ya kuomba daktari kajaza mara tatu. Kosa alifanya, simtetei, kifungo anatumikia. Nauliza tu: ni kampuni, au magereza yote huku ndivyo yalivyo?

Mzee wa Zamu
Pole sana dada. Nililinda malindo ya kampuni Dar miaka kumi na moja, najua mchezo huo. Zabuni ikishapita, bei haipandi. Pa kubana panabaki mishahara. Mkongwe akiondoka, anaingia wa bei rahisi. Angalia Birmingham, huko huko Uingereza: mwaka 2011 gereza la serikali likakabidhiwa kampuni ya ulinzi ya G4S kwa mkataba wa miaka 15. Desemba 2016 zikazuka ghasia, wafungwa zaidi ya 500. Agosti 2018 mkaguzi mkuu wa magereza, Peter Clarke, akaeleza damu, matapishi na panya, na askari wengine wamejifungia ofisini. Serikali ikalichukua kwa muda, ikapeleka askari 30 wa nyongeza na kuhamisha wafungwa 300. Mwaka uliofuata ikalirudisha mikononi mwake kabisa.

binti_kariakoo
Shikamoo mama. Mimi siibebeshi kampuni mzigo wote. Gereza la Liverpool ni la serikali, na mwaka 2017 wakaguzi wa huyo huyo Clarke walikuta panya, mende na madirisha yaliyovunjika. Kinachonichoma kwa kampuni ni hesabu. Kule Idaho, Marekani, kampuni ya CCA iliyoendesha gereza la jimbo ilikiri mwaka 2013 kwamba saa zipatazo 4,800 za zamu ziliandikwa zina askari, kumbe nafasi zilikuwa tupu. Ni watumishi hewa wale wale tunaowajua! Mwaka 2014 jimbo likalichukua gereza hilo.

Mama, kila gereza la kampuni huko lina ofisa wa serikali anayesimamia mkataba, wanamwita kontrola. Ipo pia bodi ya raia wa kujitolea, wanaruhusiwa kuingia na kuongea na wafungwa. Waandikie wote, na uweke tarehe.

Mama Mdogo wa Tanga
Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Tarehe za fomu anazo, kaziandika nyuma ya picha ya mama yake. Jioni hii akipiga simu atanisomea, na barua naiandika usiku huu huu. Huyo kontrola namwandikia kwa jina au kwa cheo?

binti_kariakoo
Cheo kinatosha, mama. Na ubaki na nakala.