Faili la .ovpn kwenye Ubuntu: NetworkManager, terminali au nihamie WireGuard?

Mgebuka_Ujiji: Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, kazi nafanyia nyumbani, ofisi iko Dar, wamenitumia faili la .ovpn, lile la mipangilio ya OpenVPN (programu ya VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti). Naliwasha kwa `sudo openvpn --config ofisi.ovpn`, inakubali vizuri ila nikifunga dirisha la terminali tu VPN nayo imekata. Bora niliingize NetworkManager (ile programu ya Ubuntu inayosimamia mitandao) au niwaombe WireGuard, ile VPN ya aina nyingine? Bando najinunulia.

Fundi_Mwanga: Liingize mkuu, usijitese. Anza na `sudo apt install network-manager-openvpn-gnome`, bila hiyo plagini faili halisomeki na wengi hapo ndo wanakwama wanaanza kulaumu faili. Kisha `nmcli connection import type openvpn file ofisi.ovpn`, imeisha hiyo, unawasha na kuzima kwenye menyu kama waifai. Halafu `nmcli connection modify ofisi ipv4.never-default yes`, ya ofisini yapite VPN, YouTube ipite njia yake, utaokoa bando.

Nyuki_Tabora: Hapo kwenye bando sio kweli ndugu yangu, data ni karibu ileile ipite ndani ya VPN ipite nje, anachopata ni spidi, maana YouTube haizunguki tena hadi seva ya ofisi. Na NetworkManager haichukui kila kitu kilichomo kwenye faili, skripti za up na down (amri za kuendeshwa VPN ikiwaka au ikizima) inaziacha, kwa hiyo fungua faili usome kwanza. Kama zimo, lipeleke `/etc/openvpn/client/ofisi.conf` halafu `sudo systemctl enable --now openvpn-client@ofisi`, inajiwasha yenyewe kompyuta ikiwaka, terminali funga tu.

Mama_Kasulu: Mimi nasema WireGuard, kwa mtandao wetu huu wa kukatakata ndo mkombozi, unatoka modemu unaingia hotspoti ya simu na inaendelea bila kuunganisha upya. Imo kwenye kerneli (kiini cha Linux) tangu toleo la 5.6 la 2020, NetworkManager inaijua tangu toleo la 1.16, plagini huhitaji. Jina la faili lake lisizidi herufi 15 ukitoa .conf, likizidi inakataa. Ubaya wake inatumia UDP tupu (moja ya njia mbili kuu za kusafirisha data, nyingine ni TCP), ukikaa sehemu wameziba UDP huna lako, OpenVPN ya TCP 443, mlango uleule wa tovuti za https, mara nyingi inapenya. Na jamani ufunguo wa siri umo humohumo kwenye faili, msirushiane kwenye magrupu ya WhatsApp!

Mgebuka_Ujiji: Asanteni sana, skripti hazimo, nimeingiza na imewaka. Sasa hili faili la .ovpn naweza kulifuta?

Nyuki_Tabora: Kama vyeti (vile vya kukutambulisha kwa seva) vilikuwa ndani ya faili lenyewe futa, vimeshakopiwa kwenye `~/.cert/nm-openvpn`. Hilo folda ndo usiliguse. Kama vilikuja mafaili pembeni, viache palepale vilipo, ukivihamisha haiwaki.