Mgeni njoo, mwenyeji apone: tupeane uzoefu wa kufanya kazi na watu tusiofanana nao

FUNDI KARAI (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki jana mkandarasi mkuu alituletea mtu wa semina. Mada: kufanya kazi kama timu, na faida ya kuwa na watu tofauti kazini. Soda zilikuwepo, sambusa zilikuwepo, picha za watu wa rangi zote walioshikana mikono zikapita ukutani, tukapiga makofi, tukarudi saiti. Sikutoka na kitu cha kunisaidia Jumatatu. Kwa hiyo nawauliza nyie. Nani amewahi kufanya kazi na mtu asiyefanana naye kabisa, kwa kabila, dini, umri, jinsia, chochote, na kazi ikaenda vizuri au ikaharibika kwa sababu hiyo? Nasaha tuwaachie wa semina. Leteni kisa.

Naanza na changu. Mimi ni fundi ujenzi, Dar, mwaka wa 19 sasa. Zamani kikosi changu kilikuwa ni nyumbani tupu: mdogo wangu, wapwa zangu wawili, binamu, na vijana wa kijijini kwetu. Raha. Lugha moja, sufuria moja, ugomvi ukizuka unaishia kwa bibi.

Siku hiyo tunamwaga zege la slabu, ile sakafu ya juu, nyumba ya ghorofa moja. Anayeijua slabu anajua ukishaanza huachi njiani. Ukimwaga nusu ukasema utamalizia kesho, pale zege la jana na la leo linapokutana ndipo maji ya mvua yatakapopitia. Watu wamejipanga ngazini, karai linapita mkono kwa mkono, mikisa inanguruma, mama lishe ameshaleta uji. Saa saba mchana, upande wa jikoni, mirunda, ile miti inayoshikilia mbao za slabu kwa chini, ikateleza. Mbao zikafunguka, zege likashuka, na mdogo wangu akashuka nalo. Alivunjika mguu. Tulimshukuru Mungu kwamba ni mguu.

Mirunda niliipanga mimi mwenyewe, jana yake jioni, nimechoka. Niliiachanisha mno, na mingine ilisimama kwenye mchanga mtupu bila kipande cha ubao chini. Asubuhi ile watu 11 walipita chini ya ile slabu. Hakuna aliyefungua mdomo.

Siku hizi kikosi ni mchanganyiko. Fundi nondo wangu ni mama mmoja wa Singida, hatuna undugu wala ujirani. Wiki yake ya kwanza alinisimamisha mbele ya mwenye nyumba: "Fundi, biskuti ziko wapi? Nondo imelala kwenye mbao." Nilipandwa na hasira, sitaficha. Nikainama kutazama, kweli. (Kwa wasio wa kazi hii: biskuti ni vile vipande vidogo vya zege vya kuinua nondo isigusane na mbao. Ukivisahau, nondo inatokeza chini ya slabu na kutu inaanza.) Wapwa zangu wasingethubutu kunisemesha vile, hata nyumba ingewaangukia.

Haya, tiririkeni.

KITI CHA MBELE

Nimeweka kiti, nasoma kwanza. Ila fundi, hiyo slabu ya upande wa jikoni nani aliilipia?

FUNDI KARAI

Mimi. Mwaka mzima.

ZAMU YA USIKU

Mimi muuguzi, hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Nimezaliwa Tanga, Kisukuma changu ni cha salamu tu.

Tulikuwa na bibi mmoja wa presha. Analazwa, inashuka, anaruhusiwa, wiki tatu amerudi. Daktari akaongeza dawa. Akarudi tena. Kwenye faili tukawa tunaandika "hafuati maelekezo", yale maneno yetu ya kumwosha muuguzi na kumchafua mgonjwa. Nilimwuliza bibi kwa Kiswahili safi kabisa, "Unakunywa dawa?" Akajibu ndiyo. Angejibu nini?

Aliyetusaidia ni mama wa usafi. Anadeki chini ya kitanda, bibi anazungumza na mjukuu wake kwa Kisukuma, mama akasimamisha ufagio. Akaja dirishani kwangu: "Dada, yule bibi dawa anazifunga kwenye fundo la khanga. Anasema zinamkojoza usiku, na choo chao kiko mbali, nyuma ya mashamba. Anaogopa fisi. Na wewe binti mdogo hawezi kukwambia habari za mkojo."

Kumbe mjukuu alikuwa anampa vidonge jioni, akirudi shule. Na kimojawapo ni dawa ya kukojoza, ambayo tunapenda inywewe asubuhi. Tukahamishia asubuhi, mjukuu anampa kabla hajaenda shule. Hakuna dawa mpya, hakuna kipimo. Hatukumwona wodini tena mwaka ule.

Kinachoniuma ni kwamba yule mama alikuwa wodini kwetu miaka sita. Wagonjwa aliwajua kuliko sisi, na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu zaidi ya "mbona sakafu bado ina maji". Nilipopendekeza awe anapita nasi raundi ya asubuhi kama kuna mgonjwa asiyejua Kiswahili, mkubwa mmoja aliniuliza kama sasa wadeki ndio madaktari. Anapita hivyo hivyo, kimya kimya, na ndoo yake mkononi.

UTINGO MSTAAFU

Mimi Mchaga, dereva wangu alikuwa Mpare. Waliokulia Kilimanjaro wameshacheka.

Lori, mzigo wa Tunduma. Tumetoka Dar asubuhi, foleni, mzani, pancha Mikumi, tukafika Ruaha Mbuyuni usiku mkubwa. Mbele yetu mlima Kitonga, na wanaoijua wanaijua: ukuta upande mmoja, korongo upande wa pili, lori lililokufa katikati ya kona. Namwona mwenzangu shingo inadondoka. Sasa utingo hamwambii dereva "umechoka". Ni tusi hilo. Gari lake, safari yake, wewe kazi yako kuweka jiwe chini ya tairi.

Lakini tulikuwa na utani, ule wa makabila. Nikamwambia: "We Mpare, ukitumbukia humu korongoni ndugu zako watauliza bei ya jeneza kwanza ndipo walie. Mimi sitaki kukaa mochwari wiki nzima nikisubiri wapatane." Alicheka mpaka usingizi ukamtoka kidogo, akanitukana mimi na ukoo wangu wote wanaohesabu hela gizani, akaegesha. Tukalala mpaka alfajiri. Asubuhi, anakunywa chai, ananiambia kwa sauti ya chini: "Jana nilikuwa naona barabara mbili."

Mama yangu alipofariki alikuja mpaka Rombo, akalala kizingitini, jeneza halitoki mpaka alipwe. Tukamlipa.

Niseme na upande wa pili. Alikuja dereva mwingine, wa kabila ambalo sisi hatuna utani nalo. Nikajaribu maneno yale yale. Nilishushwa Chalinze na begi langu.

KITI CHA MBELE

Chalinze si mbali, ulirudi nyumbani na kuku wa kuchoma 😂

RANDA NA MSASA

Karakana yetu ya samani bosi alimwajiri kijana kiziwi. Tusidanganyane, hakumwajiri kwa mapenzi. Tulikuwa tumevuka wafanyakazi 20, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri wa kiasi hicho awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Mtu wa ukaguzi alikuwa anakuja.

Mwezi wa kwanza tulimweka kwenye msasa, pembeni, kazi ya peke yake. Mawasiliano ni kumgusa bega na kuandika vumbini kwa kidole. Kisha yeye mwenyewe akaanza kutufundisha alama mojamoja: simama, zima, ongeza, mbao ina msumari. Hiyo ya msumari ndiyo iliyobadilisha mambo. Mashine ya randa ikiwaka hakuna anayemsikia mwenzake. Miaka yote tulikuwa tunapiga kelele kama watu wa ferini, au mtu anakimbilia swichi. Mbao yenye msumari ikiingia kwenye visu, visu vimekwisha, na kipande kinaweza kumrudia mtu tumboni. Sasa mtu akiona kitu upande wa pili wa karakana ananyanyua mkono tu, wa mashineni ameshaelewa. Leo hata fundi mkuu, ana miaka 61, anaagiza chai kwa alama.

Ila msije mkaandika hapa kwamba tumekuwa malaika. Kikao cha Ijumaa bado tunazungumza wote kwa pamoja, tunacheka, tunaamua, halafu mtu anamwekea yule kijana muhtasari wa maneno manne. Mwezi jana tulipanga zamu za sikukuu hivyo hivyo, yeye akaja kukuta jina lake kwenye siku ambayo dada yake anaolewa. Alikunja karatasi akaiweka juu ya meza ya bosi, akarudi kwenye msasa. Siku nzima hakumpa mtu alama hata moja.

MKAAJI WA NAIROBI

Hamjambo majirani. Nawasoma na wivu kidogo, hasa huyo wa utani. Huku kwetu ukimtania mtu kabila kazini, mwaka wa uchaguzi, unaweza kujikuta unaandika barua ya kujieleza.

Sisi tuna sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008, inayosema ofisi ya umma isizidishe thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ilikuja baada ya yale tuliyopitia kwenye ghasia za uchaguzi wa 2007, na mimi naiunga mkono. Ofisi niliyofanyia kazi ukiitazama kwa orodha ilikuwa inapendeza, majina ya kutoka kila pembe. Lakini chai ya saa nne ikifika, watu wanagawanyika kama maji na mafuta. Meza hii lugha yao, meza ile lugha yao. Na mambo yenyewe, nani anapelekwa mafunzo, gari linaenda wapi, yanaamuliwa hapo kwenye chai. Kikaoni tunakuja kupigia mihuri.

Nilikaa pale miaka minne. Mwaka wa tatu alikuja karani mmoja wa Lamu, mpole, Kiswahili chake kama kaseti. Akawa anabeba kikombe chake na kukaa meza yoyote iliyo karibu, kisha anauliza, "Mwasemaje? Nami nicheke." Wanalazimika kutafsiri. Wengine walimwona mjinga. Mimi nilianza kumfuata na kikombe changu. Hatukubadilisha ofisi, lakini kupitia yeye nilijua kuna mafunzo ya miezi mitatu yanatafuta watu, na nikaenda.

BINTI WA JIKONI

Asalaam alaykum. Mimi jikoni, hoteli ya ufukweni, Unguja. Wapishi nusu Waislamu wa hapa hapa, nusu Wakristo kutoka bara.

Mambo ya skukuu yanajulikana: Krismasi tunaingia sie, Iddi wanaingia wao. Ratiba ya Krismasi tunaiandika mapema. Ya Iddi inaandikwa kwa penseli, kwani mwezi hauna miadi na mtu. Usiku wa kuamkia siku ya 30 simu zote ziko mkononi, na yule kaka wa Mbeya wa kitengo cha mikate yeye ndiye anayeulizia mwezi kuliko sote, maana ukiandama ni yeye wa kuamka saa tisa.

Lakini la kusimulia ni chumvi. Ramadhani unapika mchana, mgeni anataka mchuzi wake, na wewe umefunga. Masheikh wana maelezo yao juu ya kuonja na kutema, lakini mimi nafsi yangu haitaki. Basi akawa ananionjea dada mmoja wa Bukoba. Wiki ya kwanza mchuzi wa pweza ulirudi mara mbili, chumvi imepungua. Kumbe kwao yeye hakuzoea chakula cha chumvi nyingi, akionja anasema "sawa kabisa" kwa ulimi wa nyumbani. Tukakaa siku moja baada ya futari, nikapika mchuzi mmoja kwenye bakuli tatu: haujafika, umefika, umezidi. Tukaonja pamoja, tukazipa majina. Tangu hapo nikimwuliza ananijibu "bakuli la pili" au "bado la kwanza". Hata nje ya Ramadhani tunasema hivyo hivyo. Wageni wapya jikoni hutuona wendawazimu.

KITI CHA MBELE

Bakuli la pili. Naiba hiyo naipeleka kwangu.

FUNDI KARAI

Nimewasoma wote. Nilikuwa nimepanga kuja kuhesabu faida, lakini huyo wa Kitonga amenikosesha usingizi. Nikajiuliza, katika wale watu 11, kweli hakuna aliyeona?

Jana nimempigia mpwa wangu mkubwa. Siku hizi yuko Dodoma, kikosi cha watu wengine. Tukasalimiana, nikamwuliza habari za kazi, kisha nikamwuliza ile mirunda. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Niliiona asubuhi, mjomba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ndiye uliyeipanga."

Na huko Dodoma? Huko anasema, kila siku. Wiki iliyopita amemfumulisha fundi wake ngazi nzima.

Jumamosi ya wiki ijayo tunamwaga slabu Kigamboni. Nimemwomba aje. Nauli nimeshatuma. Atapita chini peke yake asubuhi, na mikisa haiwashwi mpaka atoke. Akasema sawa, lakini anataka yule mama wa nondo apite naye, kwa sababu akiniona mimi anaweza kusahau alichokiona.