Naombeni ushauri: nikazane na seneta au na majirani, kuhusu adhabu ya kifo Nebraska

Wakuu habari zenu. Naishi Omaha, jimbo la Nebraska huku Marekani, uraia nishapata na kura napiga, na hili suala la adhabu ya kifo linaniumiza sana. Mwaka 2015 bunge la jimbo letu, ambalo lina chumba kimoja tu na maseneta 49, liliifuta, gavana Pete Ricketts akaupiga veto ule muswada, yani akaukataa, wakarudia kura wakamshinda 30 kwa 19, na 30 ndo kiwango cha chini kabisa yani angepungua mmoja tu kwisha habari. Sasa waliopinga kufutwa kwake wakakusanya sahihi ili ipigiwe kura, Novemba 2016 wananchi wenyewe wakairudisha kwa kura, Agosti 2018 mfungwa akauawa kwa sindano.

Mi nataka ifutwe tena. Huku kila muswada lazima wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni mbele ya kamati, ila nawaza hata maseneta wakikubali si itapelekwa tena kwenye kura ya wananchi? Au nianze na watu wa kanisani na mtaani kwangu kwanza? Na aliyewahi kusimama mbele ya kamati aniambie, unaongea dakika ngapi na wanakusikiliza kweli?