Makocha wa gym mnaotugawia vidambeli vya kilo 3 eti "vinaunguza mafuta", mmetuharibia sana!

Wakuu habari za jioni, uzi mrefu kidogo mnisamehe ila nisipoandika leo nitapasuka.

Mwezi wa 3 mzani ulisoma 96, kitambi kinatangulia mlangoni mimi nafuata, nikaona isiwe tabu nikalipia gym moja huku kwetu miezi mitatu kwa mkupuo na hela ya kocha juu. Kocha mwenyewe kifua kama kabati, akaniangalia juu mpaka chini akasema "bro wewe unakata mafuta, usiguse vyuma vizito, hivyo ni vya wanaojaza misuli". Haya, nikapewa vidambeli vya kilo 3, vile vya pinki, marudio 40 seti 5, sitapu 300, kamba, halafu nikimbie nimevaa koti la mvua. Msosi asubuhi chai kavu, mchana matango, usiku yai moja. MOJA!

Kilo zilishuka sikatai, wiki mbili tu kilo 5, nikawa naweka mzani status kama mjinga. Kumbe nyingi ni maji tu, ukikata wanga ghafla ile akiba ya sukari kwenye misuli na ini inaisha na maji yake yanaondoka nayo, na jasho la koti ndo kabisa, kunywa lita moja ya maji kilo yako imerudi palepale.

Sasa mwezi wa 5 gesi ikaisha. Nakaa ghorofa ya tatu, mtungi ule wa kilo 15 ukiwa umejaa pamoja na chuma chake unakaribia 30, zamani napanda nao huku naongea na simu. Safari hii ghorofa ya kwanza tu mikono inatetemeka, dogo wa bodaboda akanipokea, "lete mzee nikusaidie". Mzee! Nina miaka 34 jamani. Na kitambi chenyewe kipo, kimelegea tu kama rambo lililotolewa nyanya.

Kuna mshkaji wangu anapiga chuma miaka na miaka ndo akanichana. Anasema mafuta yanapunguzwa na msosi, chuma kazi yake ni kulinda msuli usiliwe wakati una njaa. Msuli usiopewa kazi nzito mwili unaona wa nini kuulisha, unaanza kuumega. Kwa hiyo ukiwa kwenye dayati uzito wa chuma UNABAKI ULEULE ikiwezekana, unachopunguza ni seti, maana mwili wenye njaa unachelewa kupona. Mimi nilifanyiwa kinyume chake kwa asilimia mia, na nililipia!

Saivi ananipigisha siku 3 kwa wiki, skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito), deadlift (kunyanyua chuma kutoka chini mpaka usimame wima), kusukuma kifuani, kuvuta chuma kuja tumboni, basi. Marudio 6 mpaka 10, naacha nikiwa bado na uwezo wa moja au mawili, napumzika dakika 2 mpaka 3 kila seti, sio kurukaruka kama kuku. Goti langu la kushoto bovu tangu enzi za ndondo, sijakatazwa skwati, nakaa na kuinuka kwenye boksi nimekumbatia dambeli, kila nikizoea tunaongeza. Kocha wangu wa kwanza hata hakuniuliza kama naumwa popote!! Msosi napunguza wali na soda ila proteini nalenga gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili, nina 88 sasa so kama 140 kwa siku. Yai moja lina gramu kama 6, yule jamaa alitaka nikae nalo mpaka asubuhi. Dagaa, maharage, mtindi, samaki, mbona vipo.

Na zile sitapu 300 nilikuwa nachosha shingo tu, mafuta hayaondoki pale unapopatesa. Kina dada wa pale nao wanatishiwa eti wakishika chuma watakuwa na mabega ya kiume, yani mtu anakula matango msuli wa kujaa utatoka wapi?

Nimemfuata yule kocha wa kwanza anirudishie hela kanijibu "si umepungua lakini?" halafu kaniblock. Sawa. Nina wiki mbili zangu pale nimelipia na nitazimaliza, naingia naenda moja kwa moja kwenye chuma kirefu, akinisogelea na vile vidambeli vyake vya pinki tutaitana majina.

Waliopitishwa kwenye koti la mvua kama mimi semeni humu, najua mpo.